Makosa Thelathini na Moja ya Mwalimu

Makocha hufukuzwa kwa kufungwa, kwa kugombana na viongozi, au kwa kumweka benchi mchezaji anayependwa na wakubwa. Mwalimu nusura afukuzwe kwa kuwapa watu pole. Hakuwa amemtukana mtu, hakuwa amechelewa mazoezini hata siku moja, na timu aliyoikuta mkiani ilikuwa imeanza kuinua kichwa. Wahenga waliosema mdomo uliponza kichwa walikuwa wakiwawazia watu wenye matusi. Hawakumwazia mtu mwenye huruma na mkalimani.

Mwalimu ndilo jina alilokuwa nalo kwao kwa miaka ishirini na miwili. Wachezaji walimwita hivyo, waandishi wa habari walimwita hivyo, hata mkewe alimwita hivyo siku akiwa amemchoka. Alikuwa ametwaa ubingwa mara tatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akikubali kwamba amekosea. Timu ikifungwa, refa alikuwa kipofu. Refa akiwa mzuri, uwanja ulikuwa na tope. Uwanja ukiwa mkavu, basi kipa alilala vibaya, au beki alikesha akicheza karata. Hakuna binadamu asiye na kasoro na hiyo ndiyo ilikuwa yake. Ukiitoa hiyo, alikuwa mtu wa kuishi naye vizuri, mwenye mkono wazi na kicheko cha karibu.

Klabu iliyompigia simu ilikuwa nchi ya mbali, timu ya pili kutoka chini katika msimamo wa ligi, imeshafukuza makocha wawili kabla msimu haujafika nusu. Makocha wa hukohuko walikuwa wakiipisha njia. Mwalimu hakuipisha. Siku ya kuondoka alisindikizwa uwanja wa ndege na kundi la makocha wenzake, suti zimewabana, na miongoni mwao alikuwapo hasimu wake wa miaka yote, mtu ambaye walikuwa hawapeani mkono hata baada ya sare. Hasimu huyo ndiye aliyemvuta pembeni. Akamkumbusha kwamba wachezaji wao walioitwa nje hawahesabiki, lakini kocha hajawahi kuitwa hata mmoja.

"Wakikufukuza watasema tulijaribiwa tukashindwa," alimwambia. "Huo mlango hautafunguliwa tena, si kwako wala kwangu wala kwa hawa wote unaowaona. Kwa hiyo nakuomba, kwa mara ya kwanza na ya mwisho: shinda."

Mwalimu aliyabeba maneno hayo hadi kwenye ndege, na hata alipofika hakuyatua.

Huko alipokewa na mkalimani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye koti la mvua na daftari lenye mistari myembamba. Kiswahili chake alikipata kazini: kwa miaka thelathini alikuwa akifasiri barua katika kampuni ya kununua majani ya chai, barua zinatoka kwa wauzaji, yeye anazigeuza kwa lugha ya mabosi wake. Hakuwahi kuishi na Waswahili, alikuwa ameishi na barua zao. Kwa hiyo alizungumza kama barua. Akitaka kukumbushia jambo alisema, "Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya asubuhi," na akiagana alikuwa akisema yeye ni wako katika ujenzi wa taifa. Mwalimu alimwita Mama siku ya kwanza tu, naye akajibu kwa upole kwamba hana watoto na wala hajawahi kuolewa. Ikabidi aelezwe. Akaandika kwenye daftari, na tangu hapo akawa Mama kwa raha zake.

Balaa lilianzia mazoezini asubuhi ya kwanza. Nahodha wa timu, beki mrefu wa miaka thelathini na minne, alikuwa na goti lililokuwa likimsumbua tangu msimu uliopita. Akaruka, akatua vibaya, akakaa chini akilishika goti kwa mikono miwili. Mwalimu alichuchumaa pembeni yake, akamwekea mkono begani, akamwambia, "Pole, nahodha. Pole sana."

Mama mkalimani alisita. Neno alilijua, alikuwa amekutana nalo mara mia kwenye barua. Chai ikichelewa bandarini, wauzaji waliandika: poleni kwa usumbufu uliojitokeza. Magunia yakilowa, poleni kwa hasara mliyoipata. Na kwa miaka thelathini, kila lilipotokea, yeye alilifasiri vile ambavyo mabosi wake walitaka kulisoma: kosa ni letu. Sasa akamwinamia nahodha akamwambia kwamba kocha anasema kosa ni lake.

Nahodha alisahau goti. Akamtazama yule mgeni aliyekuwa na saa moja tu tangu akanyage nyasi zao, na sura yake ikawa ya mtu aliyesikia redio ikimtaja jina. Mwalimu aliona kwamba neno lake limeingia. Akamwomba Mama amfundishe namna ya kulitamka, maana pole ni neno ambalo mtu hawezi kukaa siku nzima bila kulitumia. Likawa neno lake la kwanza katika lugha ile, na kwa wiki nyingi likawa neno lake la pekee. Lilikuwa fupi, linaanzia puani na kuishia kooni, na alijivunia sana jinsi alivyolipatia.

Basi akaanza kulimwaga. Winga akikosa bao la wazi, Mwalimu anamkimbilia: kosa langu. Kipa akiteleza, kosa langu. Hakuishia uwanjani. Alimkuta mtunza uwanja amelowa chapachapa baada ya siku tatu za mvua, akampa mkono kwa huzuni na kumwambia kosa lake. Mwanamke mmoja alikuwa akipanda ngazi na mifuko miwili ya viazi. Mwalimu akampokea mfuko mmoja na kumwambia kosa lake. Mtoto wa jirani akaanguka na baiskeli, Mwalimu kwenye dirisha la ghorofa ya tatu: kosa langu, mwanangu, kosa langu. Mtaa ukampa jina hilohilo. Mashabiki wakaanza kuliimba jukwaani, watu elfu kumi wanapiga makofi na kuimba Kosa Langu, naye anawapungia mkono, moyo umejaa, akidhani kwamba huko ameshakuwa Bwana Pole.

Na timu ikaanza kushinda. Si kila siku, lakini ikaanza. Mwalimu alikuwa na daftari la mazoezi lenye michoro ya pasi za pembe tatu, na kila timu iliposhinda aliifungua ile michoro akaiangalia kama mtu anayeangalia picha ya mtoto wake aliyefaulu.

Ilipobaki mechi moja msimu uishe, walikuwa wa tatu kutoka chini, na timu tatu ndizo zilikuwa zinashuka daraja. Wakishinda mechi hiyo wanabaki. Sare haitoshi. Na hapo ndipo mwenyekiti wa klabu alipoleta barua.

Mama mkalimani aliileta Jumatano mchana, mvua ikinyesha. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. Mke wa Mwalimu, aliyekuja naye huko, alikuwa anapiga pasi fulana za mumewe kwenye meza, akamsogezea mgeni kikombe cha chai na kuendelea na kazi. Barua ilisema kocha anatakiwa kufika mbele ya mwenyekiti kesho yake saa nne, ili kuthibitisha makosa aliyoyakiri mwenyewe mbele ya mashahidi, kwa mujibu wa mkataba wake. Mkataba uliruhusu afukuzwe papo hapo bila fidia endapo atakiri kwamba amesababisha madhara kwa klabu. Makosa yalikuwa thelathini na moja, na katibu alikuwa ameyaorodhesha na tarehe zake.

Mama akasoma. Namba moja, kuumia kwa goti la nahodha. Namba saba, mvua ya siku tatu iliyoharibu uwanja wa mazoezi. Namba kumi na mbili, kuharibika kwa gari la mwenyekiti barabarani. Mwalimu alikuwa bado anacheka Mama alipofika namba kumi na tisa: kifo cha mama mzazi wa mwenyekiti, aliyefariki hospitalini akiwa na miaka tisini na miwili, siku ambayo kocha alikuwa safarini na timu.

"Nani alikiri haya?" aliuliza.

"Wewe," alisema Mama. "Ulikiri kwa kinywa chako. La kumi na tisa ulikiri mara tatu, ukaweka mkono kifuani."

"Kwa neno gani?"

Akalitaja lile neno. Mwalimu akasema hiyo si ndiyo pole. Mama akasema ndiyo, na pole maana yake ni kukubali kosa. Mwalimu alijaribu kueleza. Alisema pole unampa mtu aliyepatwa na jambo. Mama akauliza kama anayeitoa ndiye aliyelisababisha. Hapana, alisema Mwalimu, unaitoa hata kama hukuwapo. Hata kama umesikia tu kwa simu. Sasa Mama hakuelewa kabisa. Kama mtu hana hatia, aliuliza, anasema kwa ajili gani?

"Ili mwenzake asiubebe mzigo peke yake," alisema mke wa Mwalimu bila kuinua macho kwenye fulana.

Mama mkalimani aliishusha barua mezani. Miaka thelathini aliheshimika kwa kutokosea neno, na sasa alikuwa amelikosea moja, mara thelathini na moja, mbele ya watu elfu kumi. Akasema kesho atamweleza mwenyekiti kila kitu na kisha ataacha kazi. Mwalimu alimwambia asijisumbue kuacha kazi, maana jambo lenyewe limeshakwisha: watafika, wataeleza, orodha itachanwa. Alikuwa amefurahi waziwazi. Alisema alijua tu kwamba haiwezekani akawa amekosea mara zote hizo.

Mkewe akaisimamisha pasi.

"Mimi nilijua," alisema. "Tangu mwezi wa pili."

Yeye alikuwa anasoma lugha ile kwenye darasa la mchana pamoja na mke wa kipa, mgeni kama yeye, na lile neno lilifundishwa wiki ya nne. Mwalimu alipandwa na hasira kweli. Alimuuliza ilikuwaje akamwacha mumewe azunguke mji mzima akijitwisha mvua na vifo, na watu wanamwimba uwanjani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekaa nawe miaka ishirini na miwili," alisema, "sijakusikia ukikubali kosa hata la kumwaga chai. Nikasema, basi angalau huku aseme. Ningekwambia ungeacha."

Kisha akamweleza asichokijua. Mke wa kipa alimwambia kwamba makocha wawili waliotangulia walikuwa wakifungwa wanawapanga wachezaji mstari, wanapita mbele yao, wanamwekea mmoja kidole kifuani. Kipa alikuwa akirudi nyumbani halafu siku mbili hasemi na mtu. Dakika za mwisho hakuna aliyeutaka mpira, kwa sababu aliyeugusa mwisho ndiye aliyekuwa na kesi. Sasa kipa alikuwa anarudi amefungwa na bado anacheza na watoto sebuleni. Alisema kocha wao huyu ameshalibeba lote, kwa hiyo wao kazi yao ni kucheza.

"Wanauomba mpira," alisema mkewe. "Wewe si kocha? Hukuona?"

Alikuwa ameona. Ilikuwa wiki ya tatu; aliandika kwenye daftari kwamba wachezaji wameanza kuuomba mpira dakika za mwisho, na mbele yake akaandika kwamba ni matunda ya pasi za pembe tatu. Iliuma, tuseme ukweli. Miaka ishirini na miwili ya ufundi, vyeti vitatu ukutani kwao, na kumbe timu iliamshwa na barua za chai.

Akachukua mwavuli akatoka. Alitembea mpaka uwanja wa mazoezi na kurudi, na kila alivyoligeuza jambo lile lilimkalia vibaya. Akieleza ukweli, kazi yake inapona, lakini nahodha atasikia, na nahodha akisikia timu nzima imesikia: kocha hakuwahi kubeba lolote, lilikuwa kosa la kufasiri tu. Kila kosa litarudi kwa mwenyewe, siku tatu kabla ya mechi ya kufa na kupona. Akinyamaza, mwenyekiti ana sababu iliyothibitishwa, na makocha wa kwao wote watakuwa wamefukuzwa pamoja naye. Kwa lugha ya magazeti ya kwao, alikuwa amekalia kuti kavu, na sasa aliombwa alikate mwenyewe.

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa juu ya stoo ya jezi, inanukia sabuni ya unga, ukutani picha za timu za zamani zimefifia mpaka wachezaji wote wanafanana. Mwenyekiti aliuza vigae vya bafuni, naye alikuwa mtu wa kuongea na karatasi zaidi ya watu. Hakuinua uso walipoingia. Pembeni alikuwa amekaa nahodha, ameitwa kama shahidi, mikono katikati ya magoti, hajui aangalie wapi.

Mwenyekiti alimuuliza nahodha kama ni kweli kocha alisema hayo. Nahodha akajibu ni kweli. Akaulizwa mara ngapi, akajibu kila siku. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza jambo. Mama mkalimani alilifasiri kwa sauti ndogo: nahodha alisema hajawahi kucheza chini ya mtu wa namna hii, na kwamba kama kocha huyu anafukuzwa kwa kuwa mkweli, basi yeye haelewi wanataka nini.

Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu. Je, anakana?

Mama alikuwa ameshika kalamu kwa vidole viwili, anasubiri aambiwe aeleze. Mwalimu alimtazama nahodha. Alikumbuka timu zake zote za kwao, vijana aliowanyooshea kidole mbele ya wenzao, akihesabu kuwa huko ndiko kufundisha. Alimkumbuka kiungo mmoja aliyeacha mpira akiwa na miaka ishirini na tatu, akasema tu kwamba amechoka.

"Mwambie sikani," alisema. "Makosa ni yangu."

Mama hakufasiri. Alimuuliza kwa Kiswahili kama ana uhakika na alichosema. Alikuwa na uhakika. Akafasiri, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kwamba lile neno lilitoka kwa maana ileile pande zote mbili.

Mwenyekiti akamruhusu nahodha aende. Mlango ulipofungwa, Mwalimu aliomba jambo moja. Thelathini ayaandike yote, alisema, ila lile la kumi na tisa si lake. "Hapo nilikuwa nampa pole kwa kufiwa na mama yake. Mweleze maana yake, Mama. Hata ikichukua asubuhi nzima."

Haikuchukua asubuhi nzima, lakini ilichukua muda. Mama mkalimani alieleza polepole, anasimama, anatafuta neno, anarudi nyuma. Alipofika mahali fulani mwenyekiti aliiweka kalamu chini. Alifiwa mwezi wa tatu. Walimtumia maua na kadi zilizochapwa, kisha watu wakaacha kulitaja jambo hilo kwa kuogopa kumkera. Mgeni mmoja tu ndiye aliyemshika mkono, na huyo yeye alimwandikia kosa namba kumi na tisa. Aliisoma tena ile orodha. Hakuwa mjinga, mtu akishaelezwa namba kumi na tisa, namba saba inajieleza yenyewe.

Akauliza kama na zile nyingine thelathini zilikuwa hivyohivyo. Mwalimu akajibu kwamba hapana, hizo ni zake, na anaomba ziendelee kuwa zake mpaka Jumapili.

Mwenyekiti aliikunja orodha akaitia mfukoni. Kwa mara ya kwanza alimtazama mtu usoni wakati akisema naye. Wakishinda Jumapili, alisema, anabaki na hakuna atakayeisoma karatasi hiyo. Wasiposhinda, ataisoma mbele ya waandishi, yote.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka ngazi. Mwalimu aliwaza wiki nzima juu ya goti la nahodha, akaamua kumweka benchi na kumpanga beki mwenye mbio mahali pake. Ulikuwa mpango wa akili, umechorwa kwa kalamu tatu. Dakika ya kumi na tisa yule beki mwenye mbio alikimbilia upande usio wake, wapinzani wakapita pale alipotoka, bao. Na mpango ukaendelea kuvuja hivyohivyo. Kipa ndiye aliyewaokoa, mara moja kwa mguu, mara moja kwa uso.

Wakati wa mapumziko walirudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Yule beki alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri. Mwalimu alisimama mbele yao, na kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili sentensi ikamjia tayari mdomoni: ulikuwa unaenda wapi? Ilifika mpaka kwenye meno. Akamwashiria Mama mkalimani asifasiri. Akamwendea yule beki, akamwinua kidevu, akalisema lile neno, kutoka puani hadi kooni. Mara zote thelathini na moja alilisema kwa kuwahurumia watu. Leo alikuwa amekosea kweli, na alijua alipokosea. Hakujua kama wao walisikia tofauti. Nahodha alikuwa ameshainama anafunga kamba za viatu.

Kipindi cha pili kilikuwa cha kusimulia. Nahodha aliingia, akaanza kuwapanga wenzake kwa mkono mmoja kama mtu anayeelekeza magari. Dakika ya sitini na nne ikapigwa kona, yule beki wa kipindi cha kwanza, aliyehamishiwa pembeni, akaruka kuliko wote na kuupiga kichwa hadi nyavuni. Ikawa moja kwa moja. Zikabaki dakika kumi, zikabaki tano, na Mwalimu aliona kitu ambacho hakuna mchoro wake uliowahi kukichora: wachezaji kumi wote walikuwa wanauomba mpira. Hata kipa aliuomba. Nahodha ndiye aliyeupata, karibu na mstari wa kati, goti limeviringishiwa bendeji nene. Akaenda nao. Hatua kumi, hatua ishirini, mabeki wanarudi nyuma kwa kutoamini kwamba mzee huyu anaweza kuendelea, kisha akautoa kwa winga. Winga alipiga bila kuangalia. Mpira ulipiga mtambaa wa panya upande wa chini, ukadunda ndani ya goli, nyavu zikatikisika, na watu elfu kumi wakaliimba jina la Mwalimu kwa sauti iliyomfanya akae chini kwenye nyasi.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho wachezaji walimbeba juu. Mwenyekiti alishuka kutoka jukwaani, akapenya katikati ya watu, akaitoa ile karatasi mfukoni, akaichana vipande vinne na kumwekea mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

Chumba cha waandishi kilikuwa kimejaa, wengine wamekaa sakafuni. Mwandishi wa kwanza aliuliza: hakuna kocha kutoka nchi yake aliyewahi kufanya kazi hapa, na yeye ameichukua timu iliyokwisha kufa akaifufua, anasemaje?

Mwalimu wa zamani angejibu swali hilo hadi giza liingie. Huyu alivisugua viganja vyake, akatafuta maneno, akayaona machache.

"Vijana wamejituma," alisema. "Tunamshukuru Mungu."

Mama mkalimani alikuwa ameyaandika. Aliyasoma, akalifunga daftari, akakivuta kipaza sauti karibu. Akaanza kusema, na hakunyamaza. Alisema dakika nzima, akasema ya pili. Mwalimu alilisikia jina la nchi yake, akasikia tatu, akasikia ishirini na mbili, akasikia neno la kushinda likipita mara nne, na katikati ya lugha ile ngeni akasikia Mwalimu, kwa Kiswahili safi. Kalamu za waandishi zilikuwa zinakimbia.

"Mama," alimnong'oneza alipomaliza, "mimi nimesema maneno manne. Wewe umesema nini muda wote huo?"

"Vijana wamejituma, tunamshukuru Mungu," alisema Mama. "Hayo nimeyafasiri mwanzoni."

"Na mengine?"

"Mengine ni yale ambayo sasa unaona haya kuyasema. Leo ndiyo nimefasiri vizuri."

Alitaka kubisha, akaona watu wameanza kusimama. Nyuma kabisa ya chumba mkewe, aliyekuwa ameelewa kila neno, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.